Spika wa Dirishani

Abiba alikuwa na sauti, jamani. Akiita jina la mgonjwa pale dirishani, mwenye duka wa ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kadi katika dispensari moja ndogo ya Kiwanjani, mjini Isiolo, na hakuna aliyewahi kukosa zamu yake ati kwa kutosikia. Vijana wa mtaa walimwita Spika. Mwenyewe alijivunia. Alidhani wanamfananisha na spika wa bunge la kaunti, yule anayekaa kiti cha juu akinyamazisha waheshimiwa. "Kaeni chini, Spika amesimama!" aliwaambia waliosukumana kwenye benchi. Walicheka, naye akacheka nao, maskini.

Mwaka huo likaja agizo kwamba vijana washirikishwe kupanga huduma. Tena si wale wa kila mkutano, wanaojua kushika kalamu na kusubiri soda. Wanatakiwa wale ambao hawaji kabisa. Daktari Kevin, msimamizi wa dispensari, akatuma ujumbe kuanzia mtaani mpaka Oldonyiro na Garbatulla, wakaja kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa Tiya, msichana wa machungani kutoka upande wa Garbatulla, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kevin naye hakujua Kiborana hata cha kuombea maji. Akamwita Abiba atafsiri, na Abiba akakaa mbele, shela imenyooshwa vizuri.

Tiya alisimama, macho chini, akasema kwa Kiborana, taratibu.

"Dada yangu Tuye alikuja hapa na kifua kikuu. Kuna mama wa dirishani, simjui kwa sura, wanamwita Spika kwa sababu anatangaza watu kama spika ya gari la matangazo. Alimpigia kelele, 'Wewe wa TB, kaa huko mwisho, funika mdomo!' Kwenye benchi alikuwepo shangazi wa kijana aliyemposa. Posa ikavunjika. Dada akaacha dawa, na sasa anakohoa damu. Anasema afadhali afe nyumbani kuliko kusimama tena mbele ya dirisha lile. Tunaomba huyo Spika aondolewe hapo."

Lo! Abiba alihisi uso unawaka. Spika ya gari la matangazo! Kumbe miaka yote ile? Akamkumbuka Tuye vizuri, msichana mwembamba aliyefunika nusu ya uso, na akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoona siku ile amefanya kazi safi.

"Anasemaje, mama?" Kevin aliuliza, kalamu tayari.

Ulimi wa Abiba ukamtangulia. "Anasema... vijana wanaomba spika. Hapo dirishani. Hawasikii vizuri majina yakiitwa."

"Wazo zuri sana!" Kevin akaandika.

Waqo, kijana wa Kiwanjani aliyeelewa kila neno, alifungua mdomo, akaufunga. Abiba alikuwa rika la mama yake. Utamwambiaje mtu mzima mbele ya watu kwamba anadanganya? Wenzake nao wakakagua vidole vya miguu yao. Tiya akakaa chini akidhani ujumbe umefika.

Nyumbani Abiba hakula. Aliona aibu mpaka akaona aibu kujitazama kwenye kioo. Alijiapia, wallahi, kesho nitamwambia Daktari. Kesho ikapita. Ikapita wiki, zikapita tatu, na kila asubuhi alikaa dirishani akiita majina, akijua kwamba huko Garbatulla kuna mtu anatapika uhai wake kwa sababu yake.

Mkutano wa pili, vijana walikuta katoni mezani. Kevin aliifungua akitabasamu, akatoa spika nyeusi, kubwa, na maiki yake. "Mliomba, mmepata! Mtu asiniambie tena vijana hawasikilizwi."

Hakuna aliyepiga makofi. Tiya alimnong'oneza Waqo akimuuliza kitu gani kile. Waqo alimwangalia Abiba kwanza, kama anayeomba ruhusa, halafu akamweleza yote.  Tiya akamgeukia Abiba kwa heshima ile ile.

"Mama, nisamehe. Kiborana changu ni cha machungani. Labda nilisema vibaya, hukunielewa?"

Angemtukana ingekuwa nafuu! Angemtemea mate! Mtoto wa watu, dada yake yuko kitandani, na bado anajilaumu yeye, anamtafutia Abiba pa kutokea.

"Ulisema vizuri," Abiba alimjibu kwa Kiborana. "Nilielewa kila neno." Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo ambayo hakujua anayo: "Daktari, nilikudanganya. Hawakuomba kitu. Spika ni mimi."

"Sema kwa sauti, mama," Kevin alisema. "Sikusikii."

Ikabidi arudie. Akasema yote, TB, benchi, posa, damu, kwa sauti ile ile ya dirishani, na ng'ambo ya barabara mwenye duka akageuka.

Maiki ikarudi katonini. Vijana wakapanga watakavyo: kila mgonjwa apewe namba, asiitwe jina, wala ugonjwa usitajwe nje ya chumba cha daktari. Abiba akahamishiwa stoo ya nyuma, kupanga kadi, na Waqo akakaa dirishani.

Alhamisi iliyofuata alisikia Waqo akiita huko mbele, polepole, "Namba saba." Kikafuata kikohozi kirefu, kisha sauti ya Tiya akimwambia mtu ajikaze, wamefika. Abiba aliacha kadi, akashika kitasa cha mlango. Alitaka kutoka amwangukie Tuye miguuni, amwombe msamaha mbele ya benchi zima.

Mbele ya benchi zima, tena. Aliachia kitasa, akarudi kukaa, akajiziba mdomo kwa shela mpaka namba saba alipoingia kwa daktari.