Dirisha la Uongo la Marlcombe

Enid Pobjoy, aliyekuwa msafishaji katika jumba la Marlcombe nilipokuwa mpishi, mdomo wake haukuwa na breki. Angekugombeza wewe, paka wako, na mvua. Lakini mbele ya Cyril Huxtable, fundi wa rangi, alikuwa bubu. Na Cyril naye, mbele ya Enid, vivyo hivyo. Walikuwa wakinitia wazimu!

Nyumba ile ina madirisha saba kila upande wa mlango mkuu, kwa kuwa aliyeichora ramani yake hakutaka ionekane chongo, upande mmoja na madirisha machache. Ila moja la juu, kushoto, ni uongo mtupu, maana nyuma yake hupita bomba la moshi wa jiko langu. Ni plasta iliyochorwa vioo na pazia, na ilipopauka Cyril ndiye aliyeichora upya.

Kiangazi kile alikuwa akiichora kwa mara ya mwisho. Jumamosi angehamia Cornwall kwa dada yake, na Enid alikuwa akisugua sakafu huku akilia.

"Si umwambie, shoga!" nikamwambia.

"Nimwambie nini? Mwanamume ndiye husema."

"Basi mtazeeka hivyo hivyo."

"Tumeshazeeka."

Ijumaa, wanawake wa parokia walikuja kunywa chai bustanini. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, akainua macho, akafoka.

"Mwoneni Enid! Tangu tuketi yuko dirishani anatukodolea macho. Kamwiteni ashuke!"

"Niko hapa, bibi," Enid akasema nyuma yake, birika mkononi.

Tukatazama juu wote. Kwenye plasta ya dirisha la uongo alikuwemo Enid mwingine, kilemba kichwani, pua ile ile kubwa, anatabasamu. Wanawake walicheka mpaka chai ikawapalia. Cyril, chini ya dirisha, alishikilia ngazi yake, uso umemwiva kwa haya.

"Bwana Huxtable," Enid akaita, "mbona umeniweka peke yangu?"

"Sikujua kama... kama utataka mwenzio."

Enid akamshikisha Bi Mkubwa birika, akakunja sketi, akanyakua brashi ya Cyril, akapanda ngazi, akachora mwanamume pembeni ya yule Enid wa plasta, kichwa kama kiazi.

"Shuka, Enid, utaanguka!" Cyril akamsihi.

"Sishuki mpaka useme!"

"Nataka kukuoa!"

"Kwa sauti, parokia isikie!"

Cyril akarudia, akipiga kelele hadi kunguru wakaruka. Enid alishindwa kujibu kwa kilio, ikabidi Bi Mkubwa, birika bado mkononi, amjibie: "Amekubali!"