Mama Ozella na Beji Yenye Mawingu

Kahawa haijachemka, na tayari mashine ya Verdell Crenshaw inalia jikoni: kaa, tak! Kaa, tak! Anaweka kibati cha mviringo, juu yake picha, juu ya picha plastiki nyembamba, kisha anaulalia mkono wa mashine kwa uzito wake wote. Inatoka beji. Anaifuta kwa aproni, anaitazama kama anayesalimiana nayo, anaitia kapuni.

Ni Jumamosi hapa Montgomery, Alabama. Kesho kanisa lao lina matembezi ya kila Desemba, ya kuwakumbuka wazee waliogoma kupanda mabasi yaliyowabagua watu weusi, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima. Kila mwenye koti atataka beji.

Lakini Verdell, mwenye miaka sitini na minane, ana swali moja tu moyoni: Mama Ozella atakuja?

Katika watembeaji wale wa kanisa lao, aliyebaki ni Ozella Tarpley peke yake. Ana miaka tisini na moja, na amenuna.

"Kanisusia, na haki yake," anasema Verdell, akijipangusa jasho. "Nimemzika mtu mzima mzima."

Verdell alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali mpaka mgongo ukakataa. Sasa anauza beji, dola mbili moja. Hazijamtajirisha, ila umeme haujakatwa.

Nyingi ni za misiba. Mtaani kwao mtu akifariki, watu huvaa uso wake kifuani, umekaa juu ya mawingu ya buluu, njiwa kulia na kushoto. Ukiona mawingu, huulizi. Unakwenda kukaanga kuku wa kupeleka msibani.

Mapenzi ya beji aliyarithi kwa mama yake, aliyekuwa akifua nguo kwa Wazungu. Mama huyo alikuwa na beji ya kudai haki ya kupiga kura, lakini aliibana ndani ya kola.

"Ikionekana tu, kazi hana," Verdell anakumbuka. "Akifika mlango wa kanisa anaipindua kola, nayo inachungulia. Mimi mtoto nikadhani mama ana jicho la akiba."

Ndiyo maana mwaka huu alitaka uso wa Mama Ozella uonekane na kila mtu, mwenyewe angali anaona. Aliitafuta picha yake nzuri, ya kofia ya Pasaka, akatengeneza beji ya kwanza, akaivaa jana kwenda dukani. Kwa mazoea ya mkono, picha aliiweka juu ya karatasi ya mawingu.

Hakuulizwa na mtu. Kufika adhuhuri, kibaraza cha Mama Ozella kimejaa: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, pai za viazi vitamu. Shemasi Rufus Bledsoe akabisha hodi, kofia mkononi, keki kwapani, machozi tayari. Mlango ukafunguliwa na marehemu.

"Rufus, hiyo keki ya nini?"

"Ya msiba, Mama."

"Msiba wa nani?"

Shemasi akaisogeza keki mbele. "Wako, Mama."

Mama Ozella akaipokea keki, akamfungia mlango. Kisha akampigia Verdell simu.

"Umenizika bila hata kuniuliza nitavaa gauni gani? Basi matembezi yenu fanyeni wenyewe. Maiti haandamani!"

Leo Verdell hawezi kungoja tena. Anaifunga mashine kwenye taulo, anaikumbatia kama mtoto mgonjwa, anavuka barabara.

Mama Ozella yuko kibarazani na blanketi magotini, paja la kuku mkononi.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mama. Nilitaka upewe maua yako ukiwa hai."

"Maua sikuyaona. Nimeona mawingu." Anamega kuku. "Lakini yule Rufus! Jinsi alivyolia! Mwanaume huyo hajawahi kunitembelea hata nilipovunjika nyonga."

Anaanza kucheka, kwanza mabega, kisha mwili mzima, mpaka blanketi linaanguka. Verdell, naye anacheka, anaitoa simu na kumpiga picha hivyo hivyo, mdomo wazi, paja la kuku juu.

"Weka hiyo," anaamuru Mama Ozella. "Na uandike: Bado Natembea."

"Na kuku, Mama?"

"Na kuku! Si wa msiba wangu?"

Verdell anakwenda kwake kuichapa picha, anarudi nayo, na mkono wa mashine wanaulalia pamoja, kikongwe na mstaafu. Kaa, tak!

Jumapili, kengele ya kanisa haijanyamaza, Mama Ozella anateremka garini na mkongojo wake. Verdell anampa beji. Vidole vya bibi vinaichukua, vinaipeleka moja kwa moja ndani ya kola, vinaibana huko, gizani.

Vinasimama. Anauinua mkono.

"Tazama mkono huu," anasema polepole. "Haujaambiwa kwamba hatufichi tena."

Anaitoa. Anaibana nje, juu kabisa ya moyo, anaipiga kofi kidogo ikae sawa. Kisha anatangulia mbele, na kanisa zima linafuata mwendo wake.

Verdell sasa ana mpango: kabla mwaka ujao haujaisha, kila mzee wa mtaa awe na beji yake, akicheka, bila njiwa. Alitaka kuanza na Shemasi Rufus, lakini shemasi ana sharti.

"Anasema kwanza nivae beji yake ya mawingu siku moja tu," Verdell anasema. "Anataka kuona na yeye ataletewa keki ngapi."

Karatasi za mawingu amezifungia kabatini. Anaomba zikae humo siku nyingi.