Kamera ya Ziwa Lililoganda

Ndugu yangu mkubwa, ambaye kwa Kiswahili cha kwetu Kalemie namwita yaya, alipelekwa Kanada kama mkimbizi mwaka 2015, yeye na mke wake. Mimi nilibaki Johannesburg, kwenye chumba changu mtaa wa Bellevue, na kazi ya kushusha kamera ndani ya visima virefu. Kisima cha mtu kikikataa kutoa maji, tunakwenda, tunashusha kamera, tunaangalia kama pampu imeziba au kisima chenyewe kimekauka. Mara nyingi kimekauka. Bosi wangu humweleza mteja. Mimi hukunja waya.

Mazungumzo yetu ya simu yalikuwa mafupi. Yeye aliuliza kama makaratasi yangu ya ukimbizi yametoka, nikasema bado. Mimi niliuliza kama baridi imepungua, akasema bado. Tukatumiana salamu za watu wengine, tukakata.

Jumamosi moja ya Desemba 2017 alipiga, na safari hii hakuuliza habari za makaratasi.

“Mdogo wangu, wewe si mtu wa kamera za majini?”

“Za visima, yaya.”

“Kisima si maji?”

Akanieleza kwamba jirani yake, mzee mmoja mjane asiyependa maneno, humchukua kila Jumamosi hadi ziwani. Ziwa limeganda, magari yanapita juu yake. Wanatoboa barafu kwa keekee kubwa, kila mtu anakaa kwenye shimo lake na kuteremsha ndoano. Huo ulikuwa msimu wake wa pili. Mzee alikuwa akipata samaki. Yaya alikuwa hajapata hata mmoja, na mashimo yao yalikuwa hatua nne kutoka moja hadi jingine.

“Nataka kuona huko chini kuna nini,” alisema. “Nimechoka kukisia.”

Akanitumia picha za kamera mbili alizoziona duka la huko kwake. Moja ilikuwa na kioo kikubwa kama televisheni ndogo na taa kali sana. Nyingine ilikuwa ndogo, na betri yake ni ya kuchomoa. Yeye tayari alikuwa ameipenda ile kubwa.

Nikamuuliza maswali ambayo bosi huwauliza wateja. Maji yana kina gani? Hajui. Ni safi au yana tope? Anaona shimo jeusi. Nikamwambia afunge nati nzito kwenye kamba apime. Jumamosi iliyofuata akajibu: mita tisa, na nati ilipanda na tope.

Bosi nilipomuuliza, hakushangaa. Ni mtu ambaye hashangai. Alisema taa kali kwenye maji ya tope ni sawa na taa kali za gari kwenye ukungu: utauona ukungu tu. Kuhusu kamera kwenye baridi alisema hajui, nijaribu mwenyewe, akanipa kamera moja kuukuu ya kazini.

Chini ya chumba changu kuna mama wa Kirundi anayeuza samaki wa barafu. Nilimwomba nafasi kwenye friza yake.

“Itakaa muda gani?”

“Saa moja, mama.”

“Iweke kushoto. Kulia kuna makrili.”

Nilikaa kwenye kreti nikiwa na saa mkononi. Mteja mmoja alifungua friza, akaitazama kamera, akauliza ile ni bei gani kwa kilo. Mama akamwambia hiyo imeshauzwa.

Saa ilipotimia betri ilikuwa imekufa, na waya umekakamaa hata haukunjuki. Nikamwandikia yaya: chukua ndogo, betri ikae mfukoni mwako hadi utakapokuwa tayari, na usiuache waya juu ya barafu. Alijibu kwamba watu wote ziwani wana kubwa. Nikamwambia wote hawakuniuliza mimi. Nilishtuka nilipoona nimeshautuma ujumbe. Sikuwa nimezoea kumjibu yaya hivyo. Kesho yake akaandika: sawa.

Katikati ya Januari nilirudi jioni kutoka kazini nikakuta video. Tope kidogo, majani yaliyolala, na samaki kama ishirini wamekaa chini kabisa, wametulia. Kisha kamera ikapanda polepole, ikapanda sana, hadi ilipofika kwenye ndoano ya yaya ikiwa na chambo chake, peke yake katikati ya maji. Nikampigia.

“Umeona?” aliuliza.

“Nimeona, yaya.”

“Misimu miwili nimewavulia juu ya vichwa vyao.”

“Na mzee hakukwambia?”

“Nimemuuliza leo. Anasema alidhani kwetu ndivyo tunavyovua.”

Halafu akacheka. Alicheka hadi akashindwa kuendelea, na mke wake akachukua simu kuniuliza nimemwambia nini. Tangu waondoke nilikuwa sijamsikia akicheka.

Jumamosi iliyofuata aliteremsha ndoano hadi chini, akapata samaki watatu. Mama yetu, kule Kalemie, alipotumiwa picha aliuliza kwa nini ni wadogo hivyo, akaambiwa ni baridi, akakubali.

Siku hizi hunipigia akiwa ziwani. Huko kumekucha, kwangu ni alasiri. Anaelekeza simu kwenye kile kioo kidogo cha kamera, nami nakaa kitandani natazama. Hatuongei sana.

“Huyo anakuja,” husema.

“Namwona.”