Mioyo Mitatu

Kavuo, ambaye majirani walimwita Mama Kavuo, alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuona haya kusema hivyo. Radi ikipiga alijifunika kanga, mbwa akibweka alivuka barabara. Basi ni nani aliyemtuma kuja kufungua duka Nyamitaba, kwenye vilima ambako bunduki ni nyingi kuliko majembe? Ni mume wake, aliyemleta kutoka Butembo, akafariki, akamwachia chumvi, sabuni, vitambaa na televisheni ya sola. Waoga nao hula, kwa hiyo alibaki.

Televisheni ndiyo iliyoleta wateja. Kila alasiri kulikuwa na kipindi cha maswali kwa Kifaransa, na mtazamaji naye aliweza kushiriki kwa simu, kushindania redio ya sola. Ila simu yenyewe haikuonyesha swali. Ilionyesha herufi nne tu, A hadi D, nawe ufinye moja kabla muda haujaisha. Na hapo dukani hapakuwa na rezo, mtandao wa simu, hata ya dawa. Rezo ilikaa juu ya kilima, karibu na mikaratusi, na televisheni ilikaa chini.

Akili ni nywele. Rafiki yake Uwitonze, mkulima wa viazi asiyeogopa hata nyoka, alisema: "Mama Kavuo, miye nitapanda na simu. Weye unasoma swali, unanionyesha kitambaa." Wakakubaliana: nyekundu ni A, njano ni B, bluu ni C, nyeupe ni D. Kavuo alifunga kitambaa kwenye mwanzi mrefu, akakiinua mbele ya duka, na kule juu Uwitonze akafinya. Muda wa kujibu ulitosha kusali Salamu Maria moja, ukiisali haraka. Wateja walibishana, walicheka, wakasahau kabisa wanaishi wapi.

Kusahau huko ndiko kulikotaka kuwaua. Mwanamke kilimani na simu, mwingine bondeni anapandisha rangi: mtu wa vita akiona hivyo atafikiria nini?

Siku hiyo Kavuo alitoka na kitambaa cha bluu, akatazama juu, akaona Uwitonze hayuko peke yake. Wanaume wanne walikuwa wamemzunguka. Amepigishwa magoti, mikono kichwani. Alipogeuka dukani, wateja wote walikuwa wameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Mmoja wa wale wenye bunduki alikuja akiteremka mbio, kijana mwenye macho mekundu.

"Njo weye unapandisha bendera?"

"Iko muchezo, papa," Kavuo alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Angalia televizio. Ule iko anajibu kwa simu."

"Komanda anasema munapelekea adui habari. Anasema hivi: kama iko muchezo kweli, mujibu moja. Simu ikisema mumepata, tunamuachilia. Ikikataa..." Aliangalia tu kilimani.

Hukumu gani hiyo? Hata maprofesa hukosea maswali. Lakini nani angemwambia mtu mwenye bunduki kwamba hoja yake ina tundu? Kavuo aligeukia kioo, akimwomba Bikira Maria amletee swali la Biblia, au la bei ya sabuni.

Mtangazaji, na tabasamu lake, akauliza: mnyama yupi ana mioyo mitatu? A, ngamia. B, pweza. C, chura. D, mamba.

Kavuo hakujua. Alimtafsiria kijana majibu yote manne.

"Mamba!" kijana akasema. "Mamba iko na nguvu. Weka ile ya mamba."

Afuate bunduki, wakikosa kosa liwe la bunduki? Lakini atakayelipa ni Uwitonze, si kijana huyu. Chura alimjua: kule shuleni mwalimu alimpasua mmoja mbele yao, moyo ulikuwa mmoja. Mamba aliyechinjwa mtoni aliwahi kumwona akigawanywa vipande, na hakuna aliyesimulia ajabu yoyote. Ngamia alikuwa mnyama wa Biblia, na Biblia isingenyamazia mioyo mitatu. Pweza hakuwahi kumwona, hata kwenye picha.

Akashika njano.

"Nimesema mamba!"

"Nimesikia, papa," alisema, akatoka, akainua mwanzi. Alisali Salamu Maria, akaisahau katikati, akaanza upya. Kule juu Uwitonze alishusha mkono mmoja, akafinya, na mtu mmoja akainama kutazama simu. Akakaa hivyo, ameinama. Kisha Uwitonze akasimama, akaanza kuteremka peke yake, bila viatu.

Kijana aliangalia televisheni, ambamo pweza alikuwa anaogelea, na uso wake ukalegea. "Komanda atapenda hii," alisema. "Kesho anapanda yeye mwenyewe na simu. Musimukoseshe."

Kesho yake, kabla ya kipindi, Kavuo aliiacha televisheni ikisema peke yake ili apitaye adhani yumo. Wanawake hao wawili wakapanda pikipiki kuelekea Kashebere. Duka zima, jasho la mume wake, likabaki nyuma. Walipovuka mto, Uwitonze alicheka, kicheko cha mtu aliyepona.

"Unajua, miye sikuogopa sana," alisema. "Nilijisemea, Mama Kavuo alisoma. Anaijua ile nyama ya mioyo mitatu."

Kavuo, aliyeketi nyuma yake, alikumbuka jinsi alivyobahatisha. Alimkumbatia kiuno kwa nguvu, akalia mpaka Kashebere.