Ndizi Ndani ya Giaboksi

Mwaka niliotoka chuoni, baba yangu mdogo alitoa ng'ombe kumi na wawili kununua lori kuukuu kwa mfanyabiashara wa Nyasubi. Siku ya kulinunua lilinguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Siku ya tatu, likiwa na magunia ya pamba njiani kwenda Geita, likasaga meno, likasimama.

Fundi alifungua giaboksi, akachovya kidole, akanusa.

"Mzee, hizi ni ndizi."

"Ndizi gani?"

"Mbivu. Ukizishindilia humu, gia zilizolika hazipigi kelele. Zikishaungua, ndiyo haya."

Baba mdogo alikaa chini. Ng'ombe wale walikuwa mahari ya mwanawe, na wakwe walikuwa wanakuja mwezi uliofuata.

Mimi, msomi wa ukoo, nikachukua karatasi. Tulirudishe? Tudai litengenezwe? Tudai nusu ya ng'ombe wale? Na je, kwa kuwa baba mdogo alikwisha kuliosha kama mali yake, si alikuwa amelikubali? Nikaona kwanza tulinde ushahidi. Nikamwambia fundi aing'oe giaboksi, nikaifunga kwa shuka langu, nikaificha chini ya kitanda.

Lori tulilivuta kwa maksai hadi barazani kwa mtemi. Nikasoma kurasa sita za madai, hata mahali nilipoficha giaboksi. Muuzaji akasubiri nimalize.

"Mtemi, ng'ombe mwenye ugonjwa uliofichwa hurudishwa. Sikatai. Lakini hurudishwa mzima! Huyu wamemtoa matumbo, na msomi anayalalia!"

Baraza zima likacheka. Baba mdogo akanitazama kana kwamba mimi ni mbwa wake aliyeiba nyama ya wageni.

Mtemi hakucheka. "Kijana, hayo matumbo yapo?"

"Yapo, Mtemi. Na ndizi zake zote."

"Fundi ayarudishe. Kisha wewe uliyeuza, panda, ulipeleke Nyasubi mwenyewe. Ukifika nalo, biashara imekwisha. Likikulaza porini, ng'ombe wanarudi."

Fundi alifanya kazi asubuhi nzima, nami nikimhesabia skrubu hadi akanifukuza. Muuzaji akapanda, akawasha. Lori likakohoa, likatetemeka, likaenda hatua kumi, likalia kilio ambacho hata maksai walikigeukia.

"Mtemi," akauliza dirishani, "simba bado wapo njia hii?"

"Wapo."

Akateremka taratibu, akajipangusa mikono.

"Waje kesho wachukue ng'ombe wao. Ila huyu msomi asije."

Nilikwenda. Je, kama angetupatia ng'ombe wasio wetu?