Jiwe la Kijani la Kabange

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kuadhibiwa kwa kosa langu mwenyewe. Fimbo nilizochapwa shuleni zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za dada yangu. Sisemi hivi ili nionewe huruma, maana kwa muda mrefu hata mimi niliona ni jambo la kawaida, na pale mtaani hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Mimi ni Kyungu na dada yangu ni Kabange. Kwetu Katanga ukishasikia majina hayo mawili huna haja ya kuuliza zaidi. Ni mapasa, watoto pacha, mmoja alitangulia na mwingine akamfuata. Siku tuliyozaliwa mama aliacha kuitwa kwa jina lake, akawa Mama Mapasa kwa mtaa wetu mzima wa Kikula, hata kwa wateja waliokuja kwenye meza yake sokoni kununua unga wa mahindi na samaki wakavu. Jina hilo lilikuja na sheria zake, na msimamizi wa sheria hizo alikuwa Nkambo, bibi yetu mzaa mama, ambaye tuliishi naye.

Sheria kubwa ilikuwa usawa. Ukimnunulia pacha mmoja gauni, mwenzake umnunulie lile lile. Ukimpa mmoja kipande cha muhogo, usimwambie mwingine asubiri. Ukiwatofautisha, aliyeonewa atakasirika, na pacha akikasirika anaweza kuugua hivi hivi tu, au kumvuta mzazi wake kaburini, au kuondoka akarudi alikotoka. Mama alikuwa mtu wa kanisa la maombi, na pasta wake alisema mambo hayo ni ya giza. Jumapili mama aliitikia amina. Jumatatu alikwenda kununua viatu jozi mbili za rangi moja.

Sasa, Kabange hakuweza kukaa. Sijui niliseme vipi jambo hili lieleweke, na mimi mwenyewe leo ni mwalimu. Alikaa, halafu miguu yake ikaanza kutikisika chini ya benchi, halafu alikuwa amesimama, na ukimtazama usoni ungeapa kwamba yeye pia ameshangaa kujikuta amesimama. Aliimba wakati wengine wakiandika. Alipanda dirishani. Alimwaga maji ndani ya mfuko wa mtu ambaye hawakugombana hata kidogo. Na alikula chaki. Madame Odette, mwalimu wetu wa darasa la tatu, alikuwa akigeuka kutoka ubaoni na kukuta kipande alichokiacha mezani kimebaki unga mweupe mdomoni mwa Kabange.

Shuleni hilo lilikuwa utundu. Nyumbani Nkambo alikuwa na maelezo tayari. Zamani mapasa walichezewa ngoma wakiwa wachanga na kupakwa pemba, ule udongo mweupe, na mama, kwa kumwogopa pasta, hakutuchezea wala kutupaka. Kwa hiyo Kabange alikuwa akidai chake.

"Anatafuta pemba yake," Nkambo alisema. "Munamunyima, anakula ya shule."

Nilimwamini. Hata leo, nikiona mtoto ana chaki mdomoni, neno la kwanza kunijia kichwani ni pemba, na ndipo nakumbuka kwamba nilisomea ualimu.

Mara ya kwanza Madame Odette alipomchapa Kabange, jioni yake Kabange alishikwa na homa. Ulikuwa wakati wa mvua, nusu ya mtaa walikuwa na malaria, lakini hakuna aliyelifikiria hilo. Nkambo alivaa kitenge chake cha kutokea, akanishika mkono mpaka shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Madame, unamupiga mumoya na mwenzake unamuacha. Sheria ya mapasa unaijua," alisema. "Kama unapiga Kabange, upige na Kyungu. Ao uache bote."

"Mama, Kyungu haiko na kosa," Madame alijibu.

"Minajua. Upige bote."

Madame Odette hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nashindwa kumchukia. Alizaliwa hapa hapa Likasi, sheria ile aliinyonya kwa mama yake kama sisi. Jioni ile alikuja nyumbani kumwona mgonjwa, amebeba mikate miwili midogo iliyolingana, mmoja wangu, mmoja wa Kabange. Kuacha kuchapa hakuweza, kwa sababu tulikuwa tumejazana watatu watatu kwenye benchi na hakuna aliyewahi kumfundisha njia nyingine. Basi akachagua kuchapa wote. Kabange akifanya lolote, Madame aliita majina mawili, na mimi niliacha kalamu nikaenda kunyoosha viganja pembeni yake. Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu na wa kwanza kwa fimbo. Wenzetu walicheka, kisha wakazoea, na mimi nikazoea kuandika na vidole vinavyowaka.

Mtu anayechapwa kwa ajili ya miguu ya mwenzake hujifunza kuiangalia hiyo miguu. Nikawa mchunguzi wa magoti ya Kabange. Yakianza kutikisika nilimshika. Nikimshika sana alinipiga kiwiko. Nilimnong'oneza hadithi, nilimpa nywele zangu asuke, nilimpa pindo la sketi yangu alivute. Mara nyingi haikusaidia. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimechoka kama mtu mzima.

Ndipo baba alipoleta mawe. Baba alikuwa mchimbaji wa mikono huko Kambove, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, na safari hiyo alituletea vipande viwili vya malakiti, yale mawe ya kijani yenye mistari, vimesuguliwa vikawa laini, vinatosha kiganjani. Viwili sawa, bila shaka. Nkambo alivipima mkononi kabla hatujapewa. Cha Kabange kilipotea kabla ya wiki kuisha. Changu nilikifunga kwenye pindo la sketi ya shule.

Siku moja, magoti yalipoanza, nilifungua pindo nikamtia jiwe langu mkononi. Akalishika. Akaligeuza, akaligeuza tena, akapitisha kidole gumba kwenye mistari yake, na miguu ikatulia. Aliandika sentensi nzima ya imla kwa mkono mmoja huku wa pili ukizungusha jiwe chini ya benchi. Sikuamini macho yangu. Kwa wiki tatu, labda nne, hatukuitwa mbele hata mara moja. Madame Odette alimwambia mama kwamba Kabange ameanza kukua. Pasta alisema ni maombi. Nkambo, ambaye alikuwa amempaka pemba kwa siri kwenye paji la uso, alitembea akijidai. Mimi nilijua ni jiwe, na hakuna aliyeniuliza. Mtoto haulizwi mambo hayo.

Siku lilipotokea lile jambo hapakuwa na ugomvi wowote. Kabange alikuwa akizungusha jiwe lake, yaani langu, na mwenzetu Deborah, aliyekaa benchi la mbele, aligeuka kuomba kifutio. Mkono wa Kabange uliruka. Mpaka leo siwezi kusema alilirusha au lilimtoka. Nilisikia mlio mdogo mkavu, kisha nikaona damu inashuka juu ya jicho la Deborah na kuingia kwenye daftari. Madame alipiga kelele. Deborah hakulia mwanzoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Walituweka mbele ya mkuu wa shule, mimi na Kabange, mama na Nkambo wamesimama nyuma yetu. Mama alikuwa bado na unga kwenye mikono. Jiwe lilikuwa juu ya meza.

"Hii libwe ni ya nani?" mkuu aliuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kabange alikuwa ameshajibu.

"Ni yangu."

Nkambo aliniinamia. "Na yako iko wapi, Kyungu?"

"Nimeipoteza," nikasema.

Kabange hakunitazama. Alisimama wima, miguu imetulia kabisa, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya pekee nilipomwona ametulia bila kushika kitu.

Mkuu wa shule alisema Kabange hatarudi tena, ila Kyungu abaki, kwa sababu ni mtoto wa akili. Nkambo akasema hapana, sheria ni ile ile, ama wote wanasoma ama wote wanakaa nyumbani. Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa na mama yake upande mmoja na shule upande wa pili, kwa pasta hakukuwa na msaada, na mume alikuwa shimoni Kambove. Alituchukua wote wawili kwenda nyumbani. Wiki ile tulikaa chini ya meza ya sokoni, sawa kwa sawa, mpaka baba alipofika.

Baba alisikiliza yote akila. Kisha akasema, "Hata mumoya tu asome. Ni muzuri kupita kukosa bote."

"Mukibatenganisha," Nkambo alimwambia, "mumoya ataenda. Mutanikumbuka."

Nikarudi shuleni peke yangu. Mwanzoni Kabange alinisindikiza mpaka getini na kunisubiri hapo hapo mpaka kengele ya kutoka, akizunguka, akirusha vijiwe, akifukuzwa na mlinzi na kurudi. Baadaye alikaa na mama sokoni, akamwaga unga, akapotea, akatafutwa, akamwaga tena. Mama alijaribu kumfunga na kitenge kwenye mguu wa meza, akalia, akamfungua. Alimpeleka kwa pasta, akafunga na kuomba. Alimwachia Nkambo, na pemba ikapakwa mchana kweupe. Hakuna kilichosaidia, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Kabla mwaka wa shule haujaisha alipelekwa Kambove kwa shangazi, dada wa baba, ambaye aliosha madini mtoni pamoja na watoto wake. Kule, walisema, kazi itamtuliza. Aliondoka asubuhi akiwa amevaa gauni letu la Noeli. Langu lilibaki msumarini, na niliona uchungu kulivaa tena.

Nkambo alikufa akijua kwamba maneno yake yametimia. Yalitimia kweli. Mmoja wetu aliondoka. Ila hakuna pepo aliyemchukua. Tulimpeleka wenyewe, kila mtu akiwa amefanya alichokijua.

Mwezi uliopita walitukusanya walimu na wazazi kwenye ukumbi wa parokia, tufundishwe namna ya kuwatunza watoto wasumbufu. Mfundishaji alikuwa msichana mpole kutoka Lubumbashi. Baba mmoja alimwuliza, "Sasa, Madame, kama fimbo haiko, tutabashika na nini?" Watu wakacheka. Msichana hakukasirika. Alisema mtoto asiyeweza kutulia mara nyingine husaidika akipewa kitu kidogo cha kushika mkononi, kitu laini, kisichoweza kuumiza. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na bomba la maji, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kujieleza kwa mtu.

Darasani kwangu kuna msichana mwenye magoti kama yale. Nilimshonea kifundo cha kitambaa. Siku mbili alikaa vizuri. Siku ya tatu alikisukumiza mdomoni mwa jirani yake, na mama wa jirani akaja kunitukana mbele ya darasa zima. Fimbo sijaishika, lakini nisingekuwa mkweli nikisema mkono haukuniwasha. Nyumbani kwangu kuna wagonjwa, darasa limejaa, na mimi ni mmoja. Nimemshonea kingine.

Jumapili baada ya mafunzo nilipanda gari kwenda Kambove. Kabange ana watoto wake sasa, na bado hawezi kukaa. Tuliongea nusu saa, na katika nusu saa hiyo alianika nguo, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa, akaenda kumgombeza kuku. Nilimfuata nyuma nyuma kama zamani. Mwisho nilimwambia nilichokuja kusema, kwamba jiwe lile lilikuwa langu, na kwamba nilikaa kimya.

"Nilijuaka," alisema. "Si ni miye nilikuwa naishika?"

"Juu ya nini haukusema?"

Alikamua kitambaa, akakikunjua, akakipiga upepo.

"Bangetupiga bote," alisema. "Na weye ulishaka kuchoka."

Akaenda kukianika. Niliketi kwenye kigoda nikatazama viganja vyangu, vya mwalimu, visivyo na alama yoyote. Nilikuwa nimemwendea nikidhani namletea kitu ambacho hakukijua. Kumbe mtoto yule aliyewashinda wote, ambaye Madame na mama na pasta na Nkambo hawakujua wamfanye nini, alikuwa akiniangalia mimi siku zote zile, na ndiye peke yake aliyeona kwamba nimechoka.