Hellen na faili la Mutuka lililogoma

Hakuna mtu Babati anayezijua kompyuta kuliko mimi. Nimezifuta vumbi katika ofisi nyingi na hakuna hata moja niliyoiharibu, maana nilikuwa nazifuta zikiwa zimezimwa. Ukiniambia niiwashe, nitakuuliza kiberiti kiko wapi.

Anayezijua kweli ni Hellen Gidamis.

Saa mbili asubuhi ameshakaa ofisini, kwenye chama cha wakulima wa alizeti, chupa ya chai kushoto, simu kulia. Anabonyeza. Kompyuta inawaza kidogo, kisha inaandika yale yale ya jana: Sigino, imesoma. Nangara, imesoma. Mutuka, imeshindwa.

"Unanificha kitu wewe," anaiambia taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe aliyegoma kukamuliwa.

Vituo hivyo vya vijijini vinamtumia majina ya wakulima kwenye mafaili ya Excel. Programu aliyoiandika mwenyewe inayasoma na kuyaunganisha. Aliyesomwa anapata mbegu. Asiyesomwa anatazama wenzake wakipanda. Lori la mbegu linaondoka kesho, na mvua imeshaanza.

"Msimu uliopita tuliyaandika upya kwa mkono, tukamruka mama yangu," anasema Hellen, mwenye miaka 27. "Shamba limelimwa, mbegu hana. Ndiyo maana nikatengeneza programu, asirukwe mtu tena. Sasa imeruka Mutuka nzima, na mama yumo humo humo."

Mama huyo, Bernadetha, ameshapiga simu asubuhi hii. Hakuuliza habari za mbegu. Aliuliza kama Hellen amekula. Hellen anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Anampigia karani wa Mutuka, Aniceti, ambaye wote humwita Baba Adrian.

"Shikamoo, Baba Adrian. Kuna kitu umeongeza kwenye faili?"

"Marahaba, mwanangu. Hata herufi. Nimejaza majina tu, kama mlivyoagiza."

Hellen anafungua faili. Majina yamenyooka kama mahindi ya mtu mwenye trekta. Anachukua faili la Sigino, analibandika jina la Mutuka: linasomwa bila taabu. Basi ugonjwa uko ndani. Mimi hapo ningeshaipiga kibao. Yeye anamimina chai, kisha anaiamuru programu iache kulalamika na imwonyeshe mstari wa kwanza iliokutana nao.

Inamwonyesha: "Tumsifu Yesu Kristo. Ofisi hamjambo? Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwenu mlio mbali."

Mlio mbali! Bodaboda kutoka Mutuka inafika chai haijapoa.

Hellen anacheka mpaka anashika meza. "Nimelifungua faili hili mara ngapi, na macho yanairuka salamu hii. Nani anawaandikia watu bila kuwasalimu? Programu yangu ndiyo haina adabu. Inataka mstari wa kwanza uwe 'Jina la mkulima'."

Anapiga simu tena. Sauti ya Baba Adrian inapanda.

"Salamu? Mimi? Kwenye kompyuta siandikagi salamu. Hivyo ni virusi, mwanangu."

Hellen habishani. Angeweza kuifuta salamu, yakaisha. Badala yake anaifundisha programu ishuke mstari kwa mstari, ipite heshima za watu mpaka ikute majina. Anabonyeza. Mutuka, imesoma. Anatafuta jina moja tu, analipata, anamalizia chai iliyopoa.

Ndoto yake ni mkulima aulize kwa simu yake ya tochi kama yumo, kabla lori halijaondoka. "Mama asinisubiri mimi," anasema. Naamini ataifanya. Huyu binti amekubali kuirekebisha mashine ili isiwarekebishe wazee.

Mchana Baba Adrian anakuja mwenyewe kuhakikisha. Anavua kofia mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo. Ofisi hamjambo? Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwenu mlio mbali."

"Milele, amina," anajibu Hellen, na kumgeuzia kioo cha kompyuta.